Wino wa printa ya nyumbani kwenye albamu ya kumbukumbu: soma kabla hujabandika

MamaKurasa (mwenye uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Msimu wa mahafali na harusi umekaribia, na wakati kama huu swali ni lilelile: "Nina printa ya tangi nyumbani, ile ya kujaza wino wa chupa, naweza kuchapa picha mwenyewe nikawatengenezea wazazi albamu?" Unaweza, na ikadumu. Kazi yangu ni albamu za familia hapa Tanga, na nyingi zinazoletwa kwangu zimeshaharibika. Ukizichunguza, unakuta wino, karatasi na ukurasa havikupatana. Mtu alichagua kimoja vizuri, viwili akavichukua tu vilivyokuwepo dukani.

Nianze na wino. Printa za inkjeti, yaani zinazorusha matone madogo ya wino kama hizo za tangi, zina wino wa aina mbili. Upo ambao rangi yake imeyeyuka kabisa kwenye maji, kama sukari kwenye chai. Huo kwenye kisanduku utaona umeandikwa dye. Upo mwingine ambao rangi yake ni chembe ndogo mno, ngumu, zinazoelea tu ndani ya maji. Huo umeandikwa pigment. Humu nitauita wa kwanza wino wa kuyeyuka na wa pili wino wa pigmenti. Wa kuyeyuka unazama ndani ya karatasi, rangi zake zimechangamka, na ngozi ya mtu inatoka vizuri sana. Udhaifu wake ni kwamba tone la maji linautembeza, na mwanga na hewa vinaufifisha mapema. Wa pigmenti unakaa juu ya karatasi, ukishakauka hausogei kirahisi, na unavumilia mwanga kwa muda mrefu zaidi.

Sasa angalia printa yako. Epson L3110, L3150 na L3250, ambazo zimejaa mtaani, zinatumia chupa za 103, na rangi zote nne ni za kuyeyuka, nyeusi ikiwemo. Canon PIXMA za G zinazotumia GI-490 zina nyeusi ya pigmenti, ila rangi tatu ni za kuyeyuka. HP Smart Tank za chupa za GT53 na GT52 ni hivyohivyo, nyeusi pigmenti, rangi kuyeyuka. Wino wa Epson unaoitwa DURABrite ni pigmenti rangi zote. Kama yako haimo kwenye nilizotaja, soma kisanduku cha wino, usisome tangazo la printa.

Kama hata kisanduku hakipo, pima. Chapa kipande chenye mistari ya rangi zote, kiache kikauke siku nzima, kisha chukua kijiti cha pamba cha masikio, kiloweshe kidogo, ukigandamize kwenye kona huku ukihesabu pole pole hadi kumi. Kinyanyue. Wino wa kuyeyuka utauona kwenye pamba, na pale karatasini pembe za mstari zitakuwa zimelainika na kusambaa. Pigmenti itaacha pamba nyeupe au na kivuli hafifu tu. Pima kwenye karatasi ya kawaida, maana karatasi ya picha yenye tabaka zuri huweza kuubana hata wino wa kuyeyuka, ukadanganyika.

Nasisitiza hewa kwa sababu watu wengi wanaogopa jua peke yake. Mwaka 2000 Epson walitoa printa za Stylus Photo 870 na 1270, picha zake zikasifiwa sana, halafu baadhi ya wateja wakaona picha zimegeuka rangi ya chungwa ndani ya muda mfupi tu, hata zile ambazo hazikupigwa na jua. Chanzo kilikuwa ozoni iliyomo hewani, ambayo ilikuwa inakula rangi ya sayani, ile bluu ya printa, kwenye aina fulani ya karatasi. Ugonjwa huo bado upo kwenye wino wa kuyeyuka ukiachwa wazi. Utautambua hivi: kitenge cha bluu kinakuwa kahawia, anga inakuwa kijivu, na nyuso za watu wote zinakuwa nyekundu kana kwamba walipigwa picha machweo. Ukiona hivyo jua sayani imeondoka, majenta (ile nyekundu ya printa) na njano vimebaki.

Karatasi ndiyo sehemu ambayo pesa ya ziada ina maana, kuliko hata printa. Zile pakiti za karatasi ya kung'aa za bei ya chini, nyingi ni karatasi ya kawaida iliyopakwa tabaka la kung'aa upande mmoja. Chana kona moja. Ikichanika kavu kama daftari na nyuzi zikaonekana, ni hiyo. Karatasi ya picha yenye tabaka la plastiki mbele na nyuma huwa inavutika kidogo kabla ya kukatika, na ukiangalia ukingo uliochanika unaona utando mwembamba umetangulia mbele ya karatasi. Tena zile zinazokauka papo hapo zikitoka kwenye printa zina vitundu vidogo sana juu, ndiyo maana zinanywa wino haraka. Vitundu hivyo hivyo ndivyo vinaingiza hewa. Kwa hiyo wino wa kuyeyuka juu ya karatasi ya namna hiyo usiuache uso wazi, uvalishe mfuko wa plastiki salama.

Ukurasa wa albamu: msitumie manila za rangi. Najua zinapendeza na zinapatikana kila steshenari, lakini zimetengenezwa kwa massa ya mti yenye lignini, kitu kilekile kinachofanya gazeti ligeuke njano, na asidi yake inahamia kwenye picha. Rangi ya manila nyekundu ikipata unyevu inahamia pia. Tafuta karatasi nene iliyoandikwa acid free, yaani isiyo na asidi, nyeupe au krimu.

Halafu kukausha. Picha ikitoka kwenye printa inaonekana kavu, lakini ndani bado kuna vimiminika vya wino vinavyotoka taratibu. Ukiitia kwenye mfuko siku hiyo hiyo, baada ya wiki kadhaa unaona ukungu ndani ya plastiki. Zitandaze uso juu, saa 24, kisha weka karatasi nyeupe ya kawaida juu ya kila picha usiku kucha. Karatasi hiyo ikijikunja asubuhi, badilisha uweke nyingine, maana bado kuna kinachotoka. Masika ongeza siku.

La mwisho kwenye bandiko hili: picha halisi ya zamani, cheti, barua aliyoandika marehemu, usibandike. Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), chapa nakala, nakala ndiyo iende kwenye albamu. Halisi weka pembeni kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Nakala ikififia utachapa nyingine.

Maswali yanakaribishwa.


FundiWaKopi

Asante sana dada kwa uzi huu. Mimi nina steshenari, nachapa na kutoa kopi kila siku, niongeze mawili.

Kwanza wino wa kujazia wa chupa zisizo na jina. Wateja wananiambia ni uleule, tofauti ni bei. Kwa barua na fomu sina ugomvi nao. Kwa picha ya kumbukumbu nakataa, kwa sababu hakuna anayejua rangi iliyomo ni ya namna gani, na chupa ya leo na ya mwezi ujao zinaweza kuwa tofauti kabisa hata kama lebo ni moja.

Pili, watu wanasahau printa ya leza. Tona si wino, ni unga wa plastiki wenye rangi, na mashine inauyeyusha kwa joto ukashikana na karatasi. Nyeusi yake inategemea kaboni, maji hayaitembezi na mwanga hauifanyi kitu cha maana. Kwa maandishi ya albamu, majina, tarehe, shairi, historia ya ukoo, leza nyeusi kwenye karatasi nzuri ni imara kuliko printa ya tangi. Picha za rangi za leza ndizo siwezi kuzisifia, sura inatoka na vidoti.


MamaKurasa

Kaka FundiWaKopi umenisaidia kweli. Niongeze tahadhari moja kwenye tona. Ikikaa muda mrefu ikigusana na plastiki ya PVC, hasa kwenye joto letu la pwani, maandishi yanahamia kwenye plastiki. Kila mwenye faili la zamani la plastiki laini amewahi kuliona hili, unafungua unakuta barua imejichapa kwenye jalada. Kwa hiyo mifuko ya albamu isiwe PVC. Ile plastiki yenye harufu kali ikiwa mpya, laini inayonata vidoleni, iacheni. Angalia alama ya pembetatu yenye namba kwenye plastiki: namba 3 ni PVC. Namba 5 ni polipropilini, hiyo ni nzuri na bei yake si mbaya. Namba 1, poliesta, ni nzuri pia.


Nuru88

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili. Nina albamu ya bibi, ya kurasa zenye gundi ambazo unafunika na nailoni. Picha za miaka ya themanini zipo ndani na kurasa zimekuwa njano mistari mistari. Nataka kutengeneza mpya kabla familia haijakutana mwezi wa kumi na mbili. Nizitoeje picha? Zimeng'ang'ania. Na printa yangu ni Canon G3411.


MamaKurasa

Marahaba mwanangu. Albamu za aina hiyo zimeharibu picha nyingi kuliko jua. Ile gundi inageuka njano, inakuwa ngumu, na wakati mwingine inapenya hadi mbele ya picha.

Kabla hujagusa chochote, piga picha kila ukurasa ulivyo, na nailoni imefunuliwa, ili mpangilio wa bibi na alichoandika pembeni usipotee. Kisha chukua uzi wa kusafishia meno, usio na ladha wala nta kama utaupata, uingize chini ya kona ya picha, uvute huku na huku kama unakata, ukienda taratibu kuelekea kona ya pili. Usiinamishe picha. Uzi ndio usogee, picha ibaki tambarare. Ikikataa, acha, skani ikiwa palepale ukurasani. Usipashe moto, na usimwagie kiowevu chochote cha kuondoa gundi.

Zikitoka, usizibandike tena popote. Skani, na fanya kazi na nakala. Kuhusu G3411, nyeusi yako ni ya pigmenti, rangi tatu ni za kuyeyuka. Hilo lina faida nitakayokueleza ukishapima na kijiti cha pamba.


Kijana_wa_Magomeni

Mkuu, kwa heshima zote, mimi naona mnazunguka. Studio wanachapa kwenye karatasi ya picha ya kweli, ile inayopigwa mwanga na kuoshwa kwenye dawa, inatoka kavu na haitembei ukimwagia maji. Kwa nini mtu ahangaike na printa ya nyumbani?


MamaKurasa

Hoja nzuri, na kwa picha kubwa za ukurasa mzima mimi mwenyewe nazipeleka studio, yenye mashine ya dawa. Kwa wanaofikiria vibanda vya kuchapa papo hapo, zile zinazotoka kwenye utepe wa rangi hupakwa tabaka la kinga mwishoni, nazo hazifanyi vibaya.

Lakini albamu ya kumbukumbu ina vitu vingi ambavyo si picha kamili. Una kadi ya mchango iliyopunguzwa iingie kona ya ukurasa. Una ramani ndogo ya kijiji, ukoo ulioandikwa kwa mishale, barua iliyoskaniwa ikachapwa kwa ukubwa wa kiganja, jina la kila mtu chini ya picha ya kundi. Vitu hivyo vinabadilika mara nyingi mpaka ukurasa ukae sawa. Hapo printa ya nyumbani haina mpinzani. Changanya: sura za watu studio, kilichobaki nyumbani.


Bi_Mwanaisha

Mimi ni mtu mzima, wanangu ndio wameniingiza humu. Nina vitu vya marehemu mume wangu: tiketi za basi, risiti ya EFD ya kitu cha mwisho alichoninunulia, na vipande vya gazeti. Kijana wa duka la jirani amesema nivilaminishe vyote halafu nibandike. Nimeona nikuulize wewe kwanza.


MamaKurasa

Shikamoo bibi, na pole sana kwa msiba. Nakuomba usivilaminishe.

Risiti ya EFD haina wino kabisa. Karatasi yenyewe ina dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, ndivyo mashine inavyoandika. Mashine ya kulaminisha inatumia joto. Ukiipitisha humo inaweza kutoka nyeusi yote, na maandishi hayarudi. Tiketi nyingi za siku hizi ni karatasi hiyo hiyo. Hata bila joto huwa inafifia yenyewe, kwa hiyo mwombe mmoja wa wanao aiskani au aipige picha leo, siyo wiki ijayo, akiiweka dirishani penye kivuli ili mwanga uwe sawa. Kisha nakala ichapwe kwa ukubwa uleule. Ile halisi itie kwenye bahasha ya karatasi, peke yake, kabatini penye giza, isiguse plastiki laini wala gundi.

Kwa vipande vya gazeti, gazeti litaendelea kuwa njano na kukatika, na asidi yake itachoma chochote kilicho jirani. Toa kopi ya leza kwenye karatasi isiyo na asidi, kopi ndiyo ibandikwe. Gazeti lenyewe liwe na bahasha yake.

Na kulaminisha kwa ujumla, hata vyeti: plastiki ikishashikana na karatasi kwa gundi ya moto, haitoki tena bila kuumiza karatasi. Kitu usichoweza kukirudisha kilivyokuwa, usikifanyie kitu halisi.


Bi_Mwanaisha

Marahaba. Nimeelewa. Mjukuu anaipiga picha sasa hivi.


Ughaibuni_Leeds

Salaam kutoka Uingereza. Nakuja nyumbani Desemba na dada yangu ameniagiza vifaa vya albamu. Huku maduka yamejaa vitu vimeandikwa archival, photo safe, kila kitu. Nitajuaje cha kweli?


MamaKurasa

Maneno hayo mawili kila kampuni inaweza kuyaandika inavyotaka. Tafuta namba za ISO, yaani viwango vya kimataifa. ISO 18902 inahusu albamu na vifaa vya kuhifadhia picha. ISO 18916 ni kipimo kinachoitwa PAT: karatasi, gundi au plastiki inawekwa pamoja na vipande maalumu vya picha kwenye joto na unyevu, halafu wanaangalia kama picha imefifia au imepata madoa. Kipimo hicho kilitoka Image Permanence Institute, Rochester, jimbo la New York, taasisi iliyoanza mwaka 1985. Ukiona kifaa kimeandikwa kimepita PAT, chukua.

Ukiwa na nafasi kwenye begi mletee dada: mifuko ya polipropilini, kona za picha za kubandika (vijimfuko vya pembetatu vinavyoshika pembe za picha), kalamu za wino wa pigmenti, na karatasi ya picha ya kampuni iliyotengeneza printa yake. Albamu yenye jalada zito usihangaike nayo, jalada tunatengeneza hapa.


FundiWaKopi

Dada, gundi je? Wengi wanakuja kwangu kununua selotepu na super glue kwa kazi hii.


MamaKurasa

Vyote viwili hapana. Selotepu inageuka njano na kuacha utepe wa mafuta, super glue inakuwa ngumu na kupasua karatasi. Gundi ya mpira ile ya viatu ndiyo mbaya zaidi.

Kona za picha ndizo bora, kwa sababu picha haiguswi na gundi hata kidogo. Zikikosekana, kata vipande vya karatasi isiyo na asidi, vikunje pembetatu, gundi iende kwenye ukurasa tu. Kwa kopi zilizochapwa kwenye karatasi ya kawaida na wino wa kuyeyuka, gundi yoyote ya maji itapenya kutoka nyuma na kuutembeza wino, utaona maandishi yamevimba. Hizo zipe kona.

Gundi ya unga wa ngano ni nzuri kwa karatasi, wahifadhi wa maktaba wanaitumia, ila pwani kwetu mende wanaipenda na wanatafuna hadi karatasi. Msijaribu kuwazuia kwa vidonge vya naftalini ndani ya kabati la albamu, mvuke wake unalainisha baadhi ya plastiki. Usafi, pakiti za silika za kunyonya unyevu, na albamu isiegemee ukuta wa nje. Ukungu unapata nafasi unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65, na sisi wa Tanga, Dar, Unguja na Mombasa tunapita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Fungua albamu mara kwa mara siku kavu, ipate hewa, uirudishe. Na isikae jikoni wala karibu na jiko la mkaa.


Nuru88

Mama nimerudi. Nimepima kwenye karatasi ya kawaida. Pamba ilitoka na bluu nyingi na nyekundu kidogo, mistari ya rangi imesambaa pembeni. Mstari mweusi haukusogea kabisa. Na picha za bibi zote zimetoka isipokuwa mbili, hizo nimeziskani pale pale.


MamaKurasa

Hongera, umefanya kazi safi. Sasa ile faida niliyosema. Ukichagua karatasi ya kawaida kwenye mipangilio ya kuchapa na ukachagua nyeusi pekee, Canon yako inatumia ile nyeusi ya pigmenti. Kwa hiyo majina, tarehe na maelezo yote chapa hivyo, kwenye karatasi nyeupe isiyo na asidi, isiyong'aa. Hayo hayatatembea. Ukichagua karatasi ya kung'aa, printa inaiacha nyeusi hiyo na kutengeneza nyeusi kwa kuchanganya rangi tatu, ambazo kwako ni za kuyeyuka. Maandishi usiyachape humo.

Picha za rangi chapa kwenye karatasi yenye plastiki mbele na nyuma, zikauke nilivyosema, kisha kila moja iingie kwenye mfuko wa namba 5 kabla ya kukaa ukurasani kwa kona. Zile mbili zilizokwama, usikate ukurasa kwa kisu kuzitoa. Toa ukurasa mzima kwenye albamu, uwekwe kwenye bahasha yake.

Na chagua picha tano au sita ambazo familia haiwezi kuzikosa, faili zake uzitie kwenye flashi uzipeleke studio zichapwe kwa dawa. Waambie wasiongeze rangi wala kung'arisha ngozi, bibi atoke alivyokuwa.